Vifundo vya Miguu

Tulianguka na kinga kwenye mteremko wa Kadutu, kifundo cha mguu kikateguka. Tuliombewa, na siku ya tatu tukapanda tena kinga ili tuonyeshe imani. Mguu ukavimba kupita mwanzo. Ile haikuwa imani, ilikuwa kiburi.

Katika Matendo 3, kiwete alipata nguvu vifundoni mara moja. Lakini Waebrania 12 inatuagiza tunyooshe njia za miguu yetu, ili kilicho dhaifu kipone, kisiteguke zaidi. Mungu ni yule yule. Basi tukapumzika majuma, tukajifunza tena kusimama kwa mguu ule, kisha tukaendesha kwenye njia tambarare.

Ndugu unayepona polepole, usione haya. Fimbo ya kutembelea si kukosa imani. Amina.