Pale Gurudumu Linapokoma: Njia za Kuufikia Mlima na Haki ya Aendaye kwa Miguu

(Maneno yaliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei, Nyakato)



Mada tuliyopangiwa imewashangaza baadhi yenu, na mnong'ono umetufikia: je, watu wa Nyakato, wakaao kando ya ziwa, wana haja gani ya kukaa asubuhi nzima wakizungumzia maegesho ya magari na njia za kuufikia mlima? Tunawaomba subira. Tutaanzia mbali kidogo, Kilimanjaro, kisha tutarudi kwenye vilima vyetu vya mawe, na pengine mtaona kwamba jambo hili ni letu kuliko tulivyodhani.

Kila mlima una mahali ambapo gurudumu linakoma. Hapo gari husimama, mizigo hushushwa, na kuanzia hapo tajiri na maskini hutumia miguu ileile. Lakini kabla ya hatua ile ya kwanza, mengi yamekwisha kuamuliwa: nani ameruhusiwa kufika, amefika kwa chombo gani, amelipa nini, na nani amepewa kivuli cha kungojea. Kwa sababu hakuna apandaye bila kupita hapo, mwenye kupatawala mahali hapo ameutawala mlima wote, hata kama hajawahi kuukanyaga.

Tuutazame Mlima Kilimanjaro wenyewe, wenye urefu wa mita 5,895. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro iliundwa mwaka 1973, ikafunguliwa rasmi mwaka 1977, na mwaka 1987 ikatiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wapandaji huingia kwa malango machache yanayojulikana: Marangu, Machame na Umbwe kwa upande wa kusini, Londorosi kwa upande wa magharibi, na Rongai kaskazini, karibu na mpaka wa Kenya. Wengi hushukia Mweka. Wageni wafikao kila mwaka ni makumi ya maelfu, nao hawaji kwa mtawanyiko sawa. Huja kwa wingi Januari na Februari, tena kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena Desemba, wakati wa sikukuu na misafara ya kuadhimisha Uhuru.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Mgeni mmoja huambatana na watu watatu au wanne: kiongozi, mpishi na wapagazi. Kundi la wageni 10, basi, si watu 10. Ni watu 40 au 50, pamoja na mahema, mitungi ya gesi, viti, meza na chakula cha siku sita au saba. Makundi matatu ya namna hiyo yakifika lango moja asubuhi moja, mmepata umati wa watu 150 na magari yao, juu ya barabara ambayo asili yake ni barabara ya kijiji, yenye migomba na kahawa pande zote mbili. Barabara hiyo ndiyo ya mtoto aendaye shule na ya mama apelekaye ndizi sokoni. Mlima ni mkubwa mno na unaweza kuwameza watu hao wote wasionekane kwa siku nzima; msongamano uko mlangoni.

Upande wa Londorosi shida ina sura nyingine. Baada ya kuandikishwa langoni, magari huendelea tena kwa njia ya udongo ndani ya msitu hadi mahali pa kuanzia kutembea kwa njia ya Lemosho. Mvua ikinyesha njia hiyo huwa tope tupu. Gari likikwama, mgeni hutazama dirishani na wapagazi hushuka kusukuma. Likishindwa kabisa, mizigo hutembea kwa vichwa vya watu kabla safari yenyewe haijaanza. Hatujasikia kwamba mwendo huo wa nyongeza huandikwa katika malipo ya mtu.

Ndugu wapendwa, tukae kidogo hapo langoni, maana ndipo penye kiini cha maneno yetu. Wageni wakisubiri kuandika majina yao kitabuni, hukaa chini ya banda. Wapagazi, ambao wao wenyewe hujiita wagumu, hupanga mstari kuelekea kwenye mzani. Kiwango kilichowekwa na hifadhi ni kilo 20 za mzigo kwa kila mpagazi. Mzani huo ni jambo jema, na waliouweka wanastahili shukrani. Hata hivyo yamekuwapo malalamiko kwamba baadhi ya mizigo hugawanywa vizuri mbele ya mzani, na baada ya kupita pembe ya kwanza ya msitu hukusanywa tena juu ya mgongo wa watu wachache.

Nje ya uzio wapo watu wengine. Hao ni vijana wasio na kampuni, waliofika alfajiri na koti na viatu walivyoazima, nao husimama kando ya njia ya magari wakitazama kila basi dogo linaloingia. Wanangoja nini? Wanangoja mzani. Uzito ukionekana kuzidi, kiongozi wa msafara hulazimika kuongeza mtu, na mtu huyo hutafutwa palepale nje. Kwa hiyo mpima mizigo anapofumba jicho, wanaoumia ni wawili: yule aliyebebeshwa kilo zisizo zake, na yule aliyerudi nyumbani saa tano bila kibarua. Wengi hutaja wa kwanza tu. Tunaomba huyu wa pili asisahauliwe, kwa kuwa hana mahali popote alipoandikwa jina, na kwa kuwa vijana wetu wanaotafuta kazi hufanana naye kuliko wanavyofanana na yule mwingine.

Yapo yaliyofanyika. Tangu mwaka 2003 upo mjini Moshi mradi wa kuwasaidia wapagazi, Kilimanjaro Porters Assistance Project, ambao pamoja na kufuatilia malipo na matunzo yao, huwaazimisha nguo za baridi bila malipo. Na pale Mweka, watu washukapo wamechoka, wapo vijana wanaoosha viatu vya wageni kwa ujira mdogo. Wengine huwaona vijana hao kama kero ya maegesho. Sisi hatuwaoni hivyo. Wao wamepata kazi katika nafasi iliyo kati ya ngazi ya gari na geti, nafasi ambayo mchoraji wa ramani hakuitengea mtu yeyote.

Kuna mlango mwingine wa Kilimanjaro usio na bango wala maegesho. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilitenga ukanda wa msitu upande wa chini, upana wa nusu maili, ili wenyeji wapate kuni, majani ya ng'ombe na mbao za kujengea bila kuugusa msitu wa juu. Kwa wanawake wa vijiji vile, mahali pa kuanzia mlima palikuwa nyuma ya migomba yao, na chombo chao kilikuwa kamba na panga. Mwaka 2005 msitu wa akiba uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa, na tangu hapo kuingia ukanda huo kumekuwa jambo la ruhusa na masharti, na la malalamiko marefu. Hatusemi kwamba msitu usilindwe. Maji ya mito mingi yanatoka humo, na asiyejua hilo na aende akaone mifereji ya Wachagga. Tunasema tu kwamba siku ile mstari ulipohamishwa, mgeni aliyetoka ng'ambo alizidi kuoneshwa njia kwa vibao, naye jirani aliyezaliwa hapo akaanza kuulizwa anakwenda wapi.

Nchi nyingine nazo zimekutwa na mambo haya. Nchini Japani, katika Mlima Fuji, barabara ya magari hufika katikati ya mlima, na kwa miezi ya kupanda magari ya watu binafsi huzuiwa. Watu huyaacha chini na kupanda mabasi. Mwaka 2024 mkoa wa Yamanashi uliweka geti kwenye njia ya Yoshida, ukatoza yeni 2,000 na kuweka kikomo cha wapandaji 4,000 kwa siku. Mwaka uliofuata ada ikapanda hadi yeni 4,000. Nchini Marekani, katika bonde la Zion, magari yaligombania nafasi kiasi kwamba tangu mwaka 2000 wageni husafirishwa kwa mabasi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Na huko Hawaii, katika kilima kiitwacho Diamond Head, tangu Mei 2022 mgeni lazima aweke nafasi mapema na kulipa, lakini mkazi wa visiwa hivyo huingia bure bila kuweka nafasi. Kati ya mipango hiyo mitatu, huu wa mwisho ndio unaotupendeza zaidi, kwa sababu umeanza kwa kumwuliza jirani wa mlima. Basi hupunguza moshi na foleni, na ada hupunguza idadi, lakini hayo mawili peke yake hayampi jirani nafasi.

Kwetu pia raia hulipa ada ndogo kuliko mgeni, tena kwa shilingi. Lakini kijana wa Nyakato akitaka kuuona Uhuru Peak, ada ya lango ni sehemu ndogo ya gharama. Lazima awe na kiongozi aliyesajiliwa, wapagazi, nguo za baridi, na nauli ya basi kutoka Ziwa hadi Moshi. Kwa wengi wetu mlango wa mlima huo umefungwa tangu stendi ya mabasi.

Tukubali basi kurudi nyumbani. Mwanza huitwa Mji wa Miamba, na wageni hupiga picha Jiwe la Bismarck wakaondoka. Vilima vyetu havina malango, wala mzani, wala kitabu cha kuandika majina. Lakini gurudumu linakoma hapa pia. Tazameni Mabatini, tazameni Igogo, tazameni miteremko ya Isamilo: nyumba zimekaa kati ya mawe hadi karibu na kilele, na gari huishia chini kabisa. Bodaboda huthubutu kidogo, kisha nayo hukoma. Kinachobaki ni kichochoro, ngazi za mawe zilizopangwa na wakazi wenyewe, na mfereji wa maji ya mvua ambao mara nyingi ndio huohuo njia. Mgonjwa hushushwa kwa kiti au mgongoni. Jeneza hushushwa mabegani, na wabebaji hupokezana kila penye pembe. Moto ukiwaka juu, gari la zimamoto halina pa kusimama karibu, achilia mbali pa kugeuza.

Hivyo mtu wa Mabatini ni mpanda mlima wa kila siku, bila kiongozi wala kikomo cha kilo 20. Ndoo ya maji hapimiwi na mtu.

Siku hizi vilima hivi vimeanza kupendwa pia na wasiokaa juu yake. Vikundi vya mazoezi hupanda Jumamosi asubuhi, na vijana hutafuta mwamba mzuri wa kupigia picha machweo ya ziwa. Ni jambo la afya, wala hatutaki lizuiwe. Lakini gari moja likiachwa mdomoni mwa kichochoro ambacho ndicho njia pekee ya kaya zilizo juu, limewafungia watu wote hao. Kubwa zaidi ni kuta. Mtu hununua kiwanja chini ya kilima, hujenga ukuta hadi kwenye mwamba, na njia iliyokuwa ya watu wawili huwa ya bega moja. Anayo haki ya kiwanja chake. Ila njia ilikuwapo kabla ya ukuta, nayo haikuandikwa popote.

Hapo ndipo tunapotaka mtazame zoezi la urasimishaji wa makazi, ambalo wilaya zetu za Ilemela na Nyamagana zimelifanya kwa upana. Wengi hulingojea kwa ajili ya hati ya nyumba. Tunawaombeni mlingojee pia kwa ajili ya njia. Katika zoezi hilo huchorwa ramani ya mipango ya eneo, wakazi hukubaliana kila mmoja atoe kiasi gani cha ardhi yake kwa ajili ya barabara na vichochoro, kisha mipaka husimikwa. Jambo lililosahauliwa siku ile ya makubaliano ni gumu sana kulirudisha baada ya mawe ya mipaka kuwekwa. Juu ya mteremko wa mawe barabara ya gari haiwezekani, na asiwadanganye mtu. Kinachowezekana ni njia ya miguu yenye ngazi imara na mfereji wake mbali na ngazi, na chini yake uwanja mdogo ulio wazi, ambamo gari la wagonjwa au la zimamoto laweza kusimama na kugeuka. Uwanja huo uchorwe, upewe mipaka, na usiuzwe.

Kabla ya mkutano ujao wa mtaa, kila jumuiya iliyo na kilima iambatane na mjumbe wake, ipande njia zake zote na kuzipima. Kamba ya mita mbili inatosha. Mahali ambapo watu wanne waliobeba machela hawawezi kugeuka, paandikwe. Mahali ambapo gari hukoma, paandikwe pamoja na idadi ya kaya zilizo juu yake. Penye shaka utajwe mwamba ulio karibu, maana miamba yetu mingi ina majina, na mpimaji akifika ataiona. Karatasi hizo zifikishwe kwa mwenyekiti wa mtaa na nakala ibaki kwenu, nasi tuko tayari kusaidia kuziandika kwa wale watakaotuita.