Mtaa Ndio Mdhamini wa Kwanza: Kuchangisha Fedha kwa Klabu za Michezo za Jamii



Klabu nyingi zinazokufa katika mitaa yetu haziuawi na kufungwa magoli. Zinakufa mfadhili anapohama, anapofilisika, anapokosana na kocha au anaposhindwa uchaguzi. Ni yeye aliyenunua jezi, akalipa waamuzi, akatoa nauli ya kwenda Kibaha na hela ya supu baada ya mazoezi. Siku anapoacha kupokea simu, timu inabaki na mipira miwili isiyojaa upepo na vijana wasiojua Jumamosi watacheza wapi.

Kwa hiyo ninachokuja kukitetea mbele yenu katika semina hii ni mpangilio. Klabu ya jamii ianze kuchangisha kwa wanachama wake na mtaa wake, hesabu zake ziwe wazi kwa kila anayechangia, ndipo ibishe hodi kwa mwenye duka na mwenye kampuni. Wengi wetu tunaanza mwisho: barua ya kuomba udhamini inaandikwa kabla klabu haijawa na daftari la wanachama.

Klabu zetu kubwa zenyewe zilitoka kwa wanachama. Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936, na kule Tanga African Sports ni ya 1936 pia. Leo kuna mabilioni ya haki za televisheni. Mkataba wa Azam Media na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) uliosainiwa 2021 ni wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Hata hivyo, mwekezaji alipoingia katika klabu hizi za wanachama, kanuni zilitaka wanachama wabaki na asilimia 51 ya umiliki. Sisi wa mchangani hatutaziona fedha hizo za televisheni, lakini wanachama tunao, na hapo ndipo pa kuanzia.

Ada ndogo, kila mwezi

Tuchukue mfano wa klabu yenye wanachama 60, kila mmoja akitoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 120,000 kwa mwezi, na kwa mwaka 1,440,000. Hata wakikwama 20, bado zinapatikana 960,000. Fedha hizo hazisajili mchezaji kutoka mkoani, lakini mipira, chokaa ya kuchora uwanja, nyavu, dawa za huduma ya kwanza na nauli za mechi za karibu vinapatikana bila kumpigia mtu magoti. Uzuri mwingine wa ada ni kwamba inajulikana mapema. Mwenye uhakika wa 80,000 kila tarehe 5 anaweza kupanga. Anayesubiri laki tano ambazo huenda zikaja, hupanga nini?

Wanamichezo wanaokusanya ada vizuri kuliko wote hapa Dar es Salaam, kwa maoni yangu, ni wa klabu za jogingi. Nendeni Temeke au Kigamboni Jumapili alfajiri mtawaona, fulana za rangi moja, nyimbo, mchakamchaka barabarani. Watu wanalipa kule kwa sababu klabu inamrudia mwanachama. Akifiwa, wenzake wanafika na rambirambi. Akilazwa, wanamtembelea. Akioa au akioza, wanachangia. Timu ya mpira inayomkumbuka mwanachama siku ya mechi tu isishangae akisahau ada. Mfuko wa kufaana, hata mdogo, ndio unaoifanya ada ionekane ni ya mtu mwenyewe. Na uanachama usiwe wa wachezaji peke yao. Wazazi, waliostaafu kucheza, kina mama wa mpira wa pete, vijana wa kijiwe cha bodaboda, fundi cherehani wa mtaa, wote wana nafasi. Wana wa mtaa walio Muscat, Dubai au Ulaya nao wamo, mradi wapate taarifa za klabu kila mwezi na wasitafutwe wakati wa shida tu.

Sasa nitoe neno zito kidogo. Ada hufa pale fedha zinapopita kwenye simu ya mtu. Mwenyekiti anaweza kuwa mwadilifu kabisa, lakini michango ikiingia kwenye namba yake binafsi, ikachanganyika na vocha na matumizi ya nyumbani, hata yeye mwenyewe hatajua zake ni zipi na za klabu ni zipi. Klabu ijisajili. Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya 1967 ndiyo inayosimamia jambo hilo, na mlango wa kwanza ni ofisi ya michezo ya halmashauri, mkiwa na katiba na orodha ya wanachama mkononi. Kwa cheti, katiba na muhtasari wa kikao mnafungua akaunti ya benki yenye watia saini watatu, na mnaomba lipa namba yenye jina la klabu. Kisha kila mwisho wa mwezi mtunza fedha abandike karatasi moja kwenye ubao wa maskani na aitume kwenye kundi la WhatsApp: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Aweke na picha za stakabadhi. Mwanachama aliyeona kwamba 2,000 yake ilinunua nyavu hahitaji kukumbushwa mara mbili, na mwenye duka atakayeiona karatasi hiyo ukutani amekwisha kushawishika nusu.

Bonanza na kombe la mbuzi

Tunapenda sana kuandaa mashindano, na tunayaita chanzo cha mapato. Tuyapigie hesabu. Timu 16, kila moja ikilipa kiingilio cha shilingi 50,000, zinaleta 800,000. Kwa mtoano, kuna michezo 15. Tuseme waamuzi wanalipwa 30,000 kwa mchezo: hizo ni 450,000. Zimebaki 350,000, na hapo hamjanunua zawadi ya bingwa, hamjakodi kipaza sauti, hamjalipia kibali cha uwanja wala kumweka mtu wa huduma ya kwanza. Kumbe viingilio vya timu havitoshi hata gharama za mashindano yenyewe, na klabu nyingi zimebaki na madeni baada ya fainali iliyojaza watu mpaka juu ya miti.

Faida imo kwa hao watazamaji. Viwanja kama Kinesi na Bandari Tandika vinapojaa kwa soka la ndondo, pembeni mama lishe anauza, wa karanga anauza, wa maji ya baridi anauza, na klabu iliyoandaa inakwenda mikono mitupu. Meza za biashara zigawiwe kwa ada nafuu, na klabu iwe na meza yake ya maji, juisi na fulana za mashindano. Maegesho ya pikipiki yasimamiwe na vijana wa klabu. Kabla ya fainali pawe na mechi ya maveterani, maana wazee wakicheza, wake zao, watoto na majirani wote wanakuja. Simba wameifanya Simba Day tangu 2009 kuwa siku ya kutambulisha kikosi, na jezi mpya hununuliwa kwa wingi katika msimu huo. Mtaa nao unaweza kuwa na siku yake kila mwaka, tarehe ile ile, watu wakaizoea kama wanavyozoea sikukuu. Zawadi ya ng'ombe au mbuzi muiombe kwa mfugaji au mwenye bucha, jina lake litangazwe kila nusu saa, nanyi mmeokoa gharama kubwa kuliko zote.

Tahadhari mbili za kisheria. Bahati nasibu ya tiketi, hata ya kuchezesha redio na feni, iko chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003, na kibali chake hutoka Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Msiuze tiketi mtaani mkidhani ni jambo dogo. La pili ni kamari pembezoni mwa uwanja. Ikiachwa, kipa atanunuliwa, na kombe lenu halitapata timu tena mwakani. Na kuhusu timu za watoto nasema waziwazi: jezi ya mtoto wa miaka 12 isibebe tangazo la kampuni ya kubeti, hata kama ndiyo yenye dau kubwa kuliko zote. Tunawalea watoto hawa, hatuwauzi.

Mdhamini, na mgombea

Anzeni na wa karibu: duka la vifaa vya ujenzi, zahanati binafsi, saluni, mwenye daladala, mwenye kibanda umiza kinachoonyesha mechi. Ombeni kitu kinachoshikika. "Tunaomba udhamini" ni ombi gumu kujibu. "Tunaomba usafiri wa mechi nne za ugenini, na jina lako litakaa mgongoni mwa jezi msimu mzima" linajibika siku hiyo hiyo. Msimu ukiisha, mpelekeeni taarifa ya ukurasa mmoja yenye picha, idadi ya mechi na shukrani. Wengi hupokea msaada na kupotea hadi msimu ujao, na hilo ndilo linalofunga milango.

Wanasiasa ni jambo jingine. Jezi zenye sura ya mgombea zinaigawa klabu mara tu baada ya uchaguzi, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 ina mipaka yake kuhusu zawadi za namna hiyo. Diwani na mbunge waombwe uwanja ulindwe usivamiwe. Hiyo ni kazi yao, na uwanja ukipotea haununuliki tena.

Wenzetu wa Mathare, Nairobi, walionyesha njia nyingine ya kuwavuta wafadhili tangu 1987. Chama chao cha michezo cha vijana, MYSA, kiliunganisha ligi na usafi wa mazingira: timu ikisafisha mitaro na kuzoa taka ilijipatia pointi 6 kwenye msimamo. Mwaka 1992 walipata tuzo ya Global 500 ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, na timu iliyotoka humo, Mathare United, ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Wafadhili waliwafuata kwa sababu mtaa mzima ulinufaika, wakiwemo wasiojua kuotea ni nini.

Kuhusu mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, msichanganye mambo. Ni mikopo ya vikundi vya uzalishaji mali. Vijana wa klabu wanaweza kuunda kikundi cha kuosha magari au kushona jezi, wakakopa, wakarejesha, na sehemu ya faida ikaingia klabu. Kukopa ili kulipa waamuzi ni kujitafutia deni.

Fedha zilizolala kwenye fomu za watoto

Hili halizungumzwi mitaani, nami nimeliweka mwisho ili tulipe muda. Mchezaji anapouzwa kwa ada kutoka klabu ya nchi moja kwenda ya nchi nyingine, kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya ada hiyo igawiwe kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada nzima, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una asilimia 0.5. Kijana akiuzwa kwa dola milioni 1, nanyi mlikuwa mmemsajili kwa misimu miwili akiwa na miaka 16 na 17, mgao wenu ni dola 10,000. Fikirieni safari ya Mbwana Samatta: kutoka Mbagala, African Lyon na Simba, akaenda TP Mazembe mwaka 2011, Genk Januari 2016, Aston Villa Januari 2020. Njia ya namna hiyo ina milango mingi ya malipo kwa aliyeandikisha jina mapema.

Kuandikisha ndiko kazi. Tangu Novemba 2022 malipo hayo hupitia ofisi maalumu ya FIFA, inayofuata kumbukumbu za usajili zilizoko kwenye mashirikisho. Klabu isiyosajiliwa kupitia chama cha soka cha wilaya, au iliyochezesha mtoto miaka mitatu bila fomu, haitatambuliwa hata kama mtaa mzima unajua ni nani aliyemfundisha kupiga chenga. Cheti cha kuzaliwa, picha, fomu iliyojazwa na mzazi, nakala ibaki kwenye faili la klabu.

Kwa kazi ya vikundi baada ya chakula, naomba kila klabu ikae mwenyekiti, katibu na mtunza fedha pamoja, ijaze mambo matatu: idadi ya wanachama waliolipa ada mwezi uliopita, jina linalotokea mtu anapotuma fedha kwenye namba ya klabu, na orodha ya wachezaji walio chini ya miaka 18 wenye fomu za usajili. Karatasi zikusanywe na Afisa Michezo, tuzipitie kwa pamoja saa tisa.