Kumzoeza Mtoto Kufunga

Ndugu Waislamu, saumu haimwajibikii mtoto mpaka abaleghe. Lakini kumzoeza ni jambo jema. Bibi Rubayyi binti Muawwidh amesimulia kwamba masahaba waliwafundisha watoto wao kufunga siku ya Ashura. Na mtoto akililia chakula, hupewa kitu cha sufi achezee mpaka wakati wa kufuturu.

Basi mzazi wa Buyenzi ambaye mwanawe ameshindwa adhuhuri, na ampe maji kwa upole. Amlazimishaye humfundisha kunywa kwa siri na kusema uongo, na uongo ni mzito kuliko kiu. Siku ya Idi, zaka yake ya fitri ikiisha kutolewa, amvike kanzu safi, amshike mkono waende kuswali. Huenda mwakani mtoto mwenyewe akaomba aamshwe kula daku.

Wabillahi taufiki.