Saa ya Kungoja Nyama: Kupunguza Uzito Msimu wa Choma Salama, Makueni

Ndugu washiriki, akina mama wa vikundi, madereva na wenye hoteli,

Nimepewa mada ya kupunguza uzito katika msimu wa kuchoma nyama. Msimu huo twaujua. Ikifika Desemba jua huwaka, maembe huiva, watu hurudi nyumbani kutoka Nairobi na Mombasa, na kuanzia Malili hadi Sultan Hamud moshi wa choma hauzimi kando ya barabara kuu. Hapa Salama wengi hushuka. Sikuja kuwaambia mwache mbuzi. Nasema kwamba kinachotunenepesha zaidi huingia tumboni kabla nyama haijafika mezani.

Mtazameni mteja. Amechagua mguu, umepimwa ukiwa mbichi, umewekwa juu ya makaa. Choma nzuri haitaki haraka, basi atangoja saa nzima au zaidi. Mara nyingi hajala tangu asubuhi, makusudi, ili aiachie nyama nafasi. Mhudumu anauliza kinywaji. Bia ya kwanza inakuta tumbo tupu, ya pili inaitwa na ya kwanza, na nyama ikija kukatwa ubaoni, kwenye meza kuna chupa tatu na mtu asiyejua tena ameshiba au la.

Tupige hesabu. Gramu 1 ya pombe ina kalori 7. Mafuta yana 9. Wanga na protini zina 4. Chupa ya bia ya mililita 500 ina kalori 200 hivi, kwa hiyo chupa tatu ni 600. Robo kilo ya mbuzi, ukitoa mifupa na maji yanayopotelea motoni, hubaki nyama ya gramu 150 hivi, na kama si ya mafuta mengi haifiki kalori 250. Mteja wetu amekunywa zaidi ya mara mbili ya alichokuja kula.

Wasiokunywa pombe wasijione wamepona. Soda ya mililita 500 inaweza kuwa na sukari ya gramu 50 na zaidi, yaani vijiko vya chai kumi na viwili au hata kumi na vitatu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unasema ni bora sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 hivi kwa siku. Akina mama, hapa nasema nanyi hasa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka huohuo ulikuta wanawake karibu 4 kati ya 10 nchini wana uzito uliozidi, na wanaume hawafiki 2 kati ya 10. Ubaoni wanaume ndio hutangulia. Mwanamke aghalabu huachiwa soda, chipsi na ugali mkubwa. Siamini kwamba nyama ndiyo ya kulaumiwa.

Basi tuibadilishe saa ile ya kungoja. Mchana kula chakula chako cha kawaida, muthokoi na kunde kwa mfano, usifike hotelini ukiwa na njaa ya siku nzima. Mwenye kisukari anayetumia dawa asithubutu kuruka mlo, wala kunywa pombe tumbo likiwa tupu. Ukishaagiza nyama, agiza pia maji na kachumbari, zije kwanza. Supu nayo hufaa, ila iondolewe mafuta yanayoelea na isijazwe chumvi. Kama utakunywa bia, ingoje nyama, iwe moja, na maji kando yake. Dereva asinywe kabisa. Hilo halina mjadala.

Kwenye nyama yenyewe maneno yangu ni machache. Agizeni robo kwa kila mtu, mbuzi asiye na mafuta kabla ya mbavu za ng'ombe. Kateni sehemu iliyoungua ikawa nyeusi. Chumvi inayowekwa ubaoni ichovyewe kidogo, kwa kuwa inaleta kiu, na kiu inaleta chupa nyingine. Ugali uwe kipande, kwani gramu 100 tu za unga wa mahindi zina kalori 350 hivi, na mboga ijaze nafasi iliyobaki. Embe liliwe zima badala ya juisi.

Najua kukataa ni kugumu. Mwenyeji akikukatia kipande, kukirudisha ni kama kumtukana. Kipokee, kitafune polepole, zungumza. Hakuna anayehesabu vipande vyako, lakini chupa tupu mbele yako kila mtu anaiona na anataka kuijaza.

Kwa wenye hoteli nina ombi, na ningependa tulijadili baada ya chai. Mhudumu anapochukua oda ya nyama, alete jagi la maji safi na sahani ya kachumbari papo hapo, bila kuulizwa, ndipo aulize kinywaji. Nyanya, vitunguu na dhania havigharimu sana. Tukubaliane pia nani atakuwa wa kwanza kulijaribu kabla ya wageni wa Desemba.