Mpimeni Angali Anacheka

Wahitimu wetu wa tiba, mtoto mwenye selimundu huzaliwa hana dalili. Hunyonya, hunenepa, hucheka. Kuanzia miezi sita hivi vidole vinaanza kuvimba, na akiguswa analia. Kasoro alikuwa nayo tangu tumboni, ila jeni ya himoglobini ya kichanga ilikuwa ikimkinga. Sasa hiyo imezimwa, imewashwa ya ukubwani, na kasoro imo humo. Ndiyo maana nashikilia kwamba daktari anayejua jeni bila kujua swichi zake amejua nusu.

Yupo atakayebisha kuwa hakuna swichi yoyote. Seli ikishakuwa ini hutupa maandishi ya jicho. Hoja hiyo iliwahi kuheshimika. Lakini mwaka 1962 John Gurdon wa Uingereza alieleza jinsi viini vya seli za utumbo wa viluwiluwi, vilivyopandikizwa katika mayai yaliyouliwa viini vyake kwa mionzi, vilivyotoa viluwiluwi wazima. Majaribio mengi yalishindwa, na wabishi walilishikilia hilo. Mimi naona kiluwiluwi mmoja mwenye macho anatosha: utumbo ungeyapata wapi maandishi ya jicho kama uliyatupa?

Turudi kwa selimundu: swichi yake ni jeni iitwayo BCL11A, ambayo ndiyo huzima himoglobini ya kichanga. Kuiharibu kabisa ni hatari, kwa kuwa seli shina za uboho huzaa pia seli za kinga zinazoihitaji. Basi wataalamu wakakata kijipande kinachoiwasha katika ukoo wa chembe nyekundu peke yake, na himoglobini ya kichanga ikarudi. Uingereza iliidhinisha tiba hiyo Novemba 2023.

Mtaniambia bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, kwa hiyo kwa mama wa Sengerema hii ni hadithi tu. Bei ni ya aibu, sibishi. Lakini vidonge vya haidroksiyurea, dawa ya zamani na ya bei nafuu, navyo hupandisha himoglobini ile ile. Utafiti uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale ulionyesha kuwa watoto waliovitumia walipungukiwa na maumivu, malaria na hata vifo. Faida hiyo humfikia aliyegunduliwa mapema. Mkifika vituoni, msingoje vidole vivimbe. Mpimeni mtoto angali anacheka.