Jemadari Saad el-Shazly na Kazi ya Kupanga Vita

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika usiku wa mwezi kumi Ramadhani)





Kila ufikapo mwezi kumi Ramadhani, wengi hukumbuka kuwa siku kama hiyo katika mwaka 1393 wa Hijra, yaani Jumamosi tarehe 6 Oktoba 1973, majeshi ya Misri yaliuvuka Mfereji wa Suez. Husimuliwa habari za takbiri zilizopigwa, na saumu za askari, na jinsi ngome za Bar-Lev zilivyoanguka. Ni kweli yote hayo. Lakini aghalabu msimulizi huishia hapo, na kijana anayesikiliza huondoka akidhani kuwa takbiri peke yake ndizo zilizobomoa ukuta. Ukuta ulibomolewa kwa maji ya pampu. Na pampu zile zilikuwa zimekwisha nunuliwa siku nyingi kabla, na watu wa kuzishika walikuwa wamefunzwa kazi hiyo mara nyingi mno hata wakaweza kuifanya usiku chini ya mizinga. Mtu aliyekuwa juu ya matayarisho hayo ni Luteni Jenerali Saad el-Shazly, na habari zake zastahili kuelezwa katika nchi hizi za Maziwa, maana sehemu moja ya habari hizo ilianzia ng'ambo ya pili ya Ziwa Tanganyika, katika Kongo.

Saad el-Shazly alizaliwa mwaka 1922 katika jimbo la Gharbia, katikati ya mashamba ya Delta ya Nili, akahitimu katika chuo cha kijeshi mwaka 1940 akiwa kijana wa miaka kumi na minane. Katika miaka ya 1953 na 1954 alipelekwa Marekani kusoma, na aliporudi akakabidhiwa kikosi cha kwanza cha askari wa miavuli wa Misri. Askari wa mwavuli hutupwa mbali na wenzake, hana nyuma wala mbele ila alichobeba mgongoni na alichofundishwa kichwani. Huenda ndiko alikopata tabia iliyomfuata maisha yake yote, ya kuhesabu kila kilo ya mzigo wa askari na kila dakika ya kazi yake.

Mwaka 1960, Kongo ilipopata uhuru na mara ikaingia katika fitina na mapigano, Umoja wa Mataifa ulipeleka askari wa nchi mbalimbali. Misri, iliyokuwa wakati huo sehemu ya Jamhuri ya Muungano ya Kiarabu, ilipeleka kikosi cha miavuli, na kamanda wake alikuwa Kanali Shazly. Wazee watakumbuka miezi ile. Patrice Lumumba aliondolewa madarakani, akakamatwa, na tarehe 17 Januari 1961 akauawa huko Katanga. Watoto wake walikuwa wamekwisha fikishwa Cairo kwa siri, wakalelewa huko. Rais Gamal Abdel Nasser aliwaondoa askari wake katika Kongo.

Ni katika mji wa Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, ndipo Shazly alipogombana na afisa mwenziwe wa Misri, Ahmed Ismail Ali, aliyemzidi cheo na aliyefika huko na ujumbe wa kijeshi. Kwa maelezo ya Shazly mwenyewe, ugomvi ule ulikaribia kufika kwenye mikono. Wakatengana, na kwa miaka mingi hawakuwa na maneno ila ya lazima. Jambo hili lingeweza kuonekana dogo, lakini lina mahali pake mbele.

Baada ya hapo alikuwa mwambata wa kijeshi huko London, kisha akaongoza brigedi katika vita vya Yemen. Mwezi Juni 1967, vita vilipozuka, alikuwa katika Sinai na watu wapatao 1,500. Mawasiliano yalipokatika na ndege za Misri zilipokuwa zimekwisha teketezwa chini, yeye hakurudi nyuma kiholela. Alisogea mbele, akavuka mpaka akaingia katika ardhi iliyoshikwa na adui, akajificha huko siku mbili. Amri ya kurudi ilipomfikia, alitembea usiku na watu wake mwendo wa kilometa zipatazo 200 katika jangwa lisilo na ulinzi wowote wa angani, akavuka mfereji kabla ya jua kuzama tarehe 8 Juni. Katika jeshi lililovunjika vipande, kikosi chake kilirudi kikiwa bado ni kikosi. Watu hawakusahau.

Tarehe 16 Mei 1971, Rais Anwar Sadat alimteua kuwa Mnadhimu Mkuu wa Majeshi, akiwarukwa maofisa wengi waliomtangulia. Hapa ndipo kiini cha habari hizi.

Alipoketi na kuhesabu alichonacho, alikuta ya kwamba Misri haina nguvu za angani za kushindana na Israeli, na kwa hiyo haiwezi kwenda kuikomboa Sinai yote kwa silaha. Wengine wangesema basi tungoje. Wengine, hasa wanasiasa, walitaka mpango mkubwa wa kufika mpaka kwenye mapito ya milima. Shazly alipanga vita vya kadiri ya uwezo: kuvuka mfereji, kuvunja ngome, na kusimama umbali wa kilometa kumi au kumi na mbili hivi upande wa mashariki, chini ya kivuli cha makombora ya kupigia ndege, ambayo hayakuweza kulinda zaidi ya hapo. Mpango huo aliuita Minara Mirefu. Lilikuwa jina tukufu kwa mpango wenye shabaha ndogo, na udogo wa shabaha ndio uliokuwa busara yake.

Ama vikwazo vyenyewe, mfereji ulikuwa na upana wa mita 180 mpaka 220, na maji yake hupanda na kushuka, na mkondo wa kusini ni mkali kuliko wa kaskazini. Ng'ambo yake Waisraeli walijenga kuta za mchanga zilizofika mita ishirini kwenda juu, na nyuma yake ngome, na chini yake mabomba ya mafuta ya kuwasha moto juu ya maji. Kupasua ukuta ule kwa baruti na matingatinga kulihitaji muda wa saa tano au sita kwa kila pengo, na katika muda huo vifaru vya adui vingekuwa vimekwisha fika. Jawabu lilitoka kwa afisa kijana wa uhandisi, Baki Zaki Yousef, aliyekuwa amefanya kazi katika ujenzi wa Bwawa Kuu la Aswan na kuona jinsi maji ya nguvu yanavyoondoa mchanga. Alikuwa Mkristo wa Kikopti. Shazly aliona majaribio, akasadiki, pakanunuliwa pampu za Kiingereza 300 na baadaye za Kijerumani 150 zilizo na nguvu zaidi, na muda wa kupasua pengo ukashuka hata kufikia saa mbili hivi.

Lakini hata saa mbili, pamoja na muda wa kufunga madaraja, ni nyingi kwa askari wa miguu aliyekwisha vuka bila kifaru. Askari huyo alitakiwa kusimama peke yake mbele ya vifaru nusu siku au zaidi. Atabeba nini? Chakula, maji, risasi, makombora ya kupigia vifaru. Mzigo wapita uwezo wa mtu. Ndipo pakatengenezwa vigari vya kuvutwa kwa mkono na watu wawili, kila kimoja cha kuchukua kilo 150. Vikafanywa 2,240. Pakatengenezwa ngazi za kamba za kupandia ukuta. Mwezi Machi 1973 yote hayo yakaandikwa katika Amri Namba 41, iliyoeleza kazi ya kila kundi, nani aingie mashua ipi, abebe nini na afike saa ngapi. Kisha wakafanya mazoezi, wakarudia, kila mtu kazi yake moja, mwezi baada ya mwezi. Ni kazi inayochosha, wala haina wimbo.

Aliamuru pia vipaza sauti vigawanywe kwa vikosi ili takbiri zisikike mfereji mzima wakati wa kuvuka, na alikuwa ametunga kijitabu cha kuwakumbusha askari imani yao. Kwa hiyo hata takbiri ile iliyokumbukwa sana ilikuwa na mahali pake katika karatasi za mpangaji.

Mwezi Oktoba 1972 Sadat alimteua waziri mpya wa vita, naye alikuwa Ahmed Ismail Ali. Shazly alimweleza rais waziwazi habari za Kongo na kwamba wawili hao hawataelewana. Rais akasema mambo yatakwenda vizuri. Basi watu wawili waliogombana Léopoldville wakakaa meza moja mwaka mzima, wakaupanga uvukaji mkubwa, wala hakuna ushahidi kwamba yeyote kati yao aliharibu kazi kwa chuki. Hilo si jambo jepesi.

Siku ilipofika, ndege ziliruka saa nane mchana, na dakika tano baadaye mizinga ipatayo 2,000 ikafungua. Wimbi la kwanza lilikuwa watu 4,000 katika mashua 720. Kabla ya magharibi askari 32,000 walikuwa ng'ambo. Mabomba ya mafuta hayakuwaka, kwa kuwa wapiga mbizi walikuwa wameyaziba usiku uliotangulia. Kusini ardhi ilikuwa ya udongo, maji ya pampu yakaigeuza tope, na madaraja ya Jeshi la Tatu yakachelewa saa nyingi. Hilo mpango haukuliona. Hata hivyo, kwa hesabu ya Shazly, waliokufa katika saa kumi na nane za kwanza walikuwa 280, mahali ambapo wengine walitazamia maelfu.

Kisha yakaja mabaya. Sadat aliamuru jeshi lisonge mbele kuelekea mapitoni, nje ya kivuli cha makombora. Shazly alipinga, akashindwa. Tarehe 14 Oktoba shambulio lilifanywa, na vifaru vipatavyo 250 vikapotea asubuhi moja. Vikosi vya akiba vilikuwa vimekwisha vushwa, na usiku wa tarehe 15 Waisraeli wakapenya mahali paitwapo Deversoir. Akarudi kutoka mstari wa mbele tarehe 20, akataka brigedi nne za vifaru zirudishwe magharibi. Sadat akakataa katakata. Mwishowe Jeshi la Tatu, watu wapatao 45,000, likazingirwa.

Tarehe 12 Desemba 1973 aliondolewa kazini, akapelekwa kuwa balozi Uingereza, kisha Ureno. Mwaka 1978 alipinga hadharani siasa ya Sadat na mapatano ya Camp David, akaishia uhamishoni Algeria, akaandika kitabu chake juu ya uvukaji. Kitabu hicho ni ushahidi wa mtu mmoja, mwenye kiburi kiasi na mwenye kuudhika, na wafuasi wa Sadat wana maneno yao. Msomaji mwadilifu ataweka hayo akilini. Mwaka 1983 mahakama ya kijeshi ilimhukumu miaka mitatu bila yeye kuwapo, kwa kosa la kutoa siri. Mwezi Machi 1992, akiwa mzee wa miaka karibu sabini, alirudi kwa hiari yake, akakamatwa na kufungwa.

Katika miaka hiyo picha mashuhuri ya chumba cha operesheni ilibadilishwa: yeye akaondolewa pembeni mwa Sadat, na Hosni Mubarak akawekwa mahali pake.

Saad el-Shazly alifariki Alhamisi tarehe 10 Februari 2011, na watu wa Cairo walikuwa barabarani wakimtaka Mubarak aondoke. Alizikwa Ijumaa, kesho yake. Jioni ya siku ile ile Mubarak akajiuzulu.