Kasha Dogo la Muziki na Haki ya Mbunifu

Hotuba kwa wasanii, wabunifu na mafundi wa jua kali



Mwaka wa 2005, wanamuziki wawili wa kikundi cha FM3 huko Beijing, Uchina, Christiaan Virant na Zhang Jian, waliufungia muziki wao ndani ya kasha la plastiki linalotoshea mfukoni. Waliliita Buddha Machine. Kasha hilo hutumia betri, na lina spika yake na swichi ya kubadilisha muziki. Ndani mna vipande 9 vifupi vinavyojirudia mpaka mtu alizime.

Wawili hao hawakuvumbua kasha lenyewe. Vifaa kama hivyo vilikuwa vikiuzwa tayari, vikirudia sala za Wabudha. Wao walikitazama kifaa cha kawaida kwa jicho jipya. Wakati ambapo wengi walijipatia nyimbo bure kwenye intaneti, kasha lao lilipata wanunuzi, akiwemo mwanamuziki mashuhuri wa Uingereza, Brian Eno.

Ndugu wananchi, kazi kama hiyo haihitaji kampuni kubwa. Mwanamuziki, fundi wa redio na seremala wanaweza kuketi pamoja wakaanza. Lakini bidhaa inayopendwa huigwa upesi, na hapo ndipo wengi huumia.

Kwanza, muziki hulindwa na hakimiliki. Mwenye wimbo anaweza kuusajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO.

Pili, umbo la kasha husajiliwa kwa Taasisi ya Mali ya Viwandani ya Kenya, KIPI. Ulinzi huo ni wa miaka 5, na unaweza kuongezwa mara mbili, hadi miaka 15. Hata hivyo, ni lazima umbo liwe jipya. Kasha lililozoeleka sokoni halisajiliki, na kulionyesha umbo jipya hadharani kabla ya kuomba usajili kunaweza kuiponza haki hiyo. Ombi litangulie, maonyesho yafuate.

Tatu, washirika waandikiane mkataba mapema: nani mwenye muziki, nani mwenye umbo, na mapato yatagawanywa vipi. Undugu na urafiki havitoshi pesa zikianza kuingia.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ubunifu nao ni mali.